Jiandae Kabla Ukurutu Haujaamka

Ukurutu, ambao wengi tunauita pumu ya ngozi, haupigi hodi. Ngozi hutulia mwezi mzima, kisha usiku mmoja mtoto anaanza kujikuna nyuma ya magoti, na asubuhi unakuta vidoa vya damu kwenye shuka. Nimeyaona kwa mwanangu. Usiku ule, kama huna kitu ndani, umeshachelewa. Kazi kubwa hufanyika ngozi ikiwa imetulia.

Kwanza ujue unapambana na nini. Ngozi yenye afya hufungia maji ndani na kuzuia vumbi, sabuni na vijidudu visipenye. Ya mwenye ukurutu huvuja. Baadhi ya watu huzaliwa na hitilafu katika jeni ya protini iitwayo filagrini, inayosaidia kuiimarisha ngozi, na ndiyo maana ukurutu hurithiwa, mara nyingi katika ukoo ule ule wenye pumu na mafua ya mzio. Hauambukizi. Mweleze mwalimu jambo hilo mapema, kabla watoto wenzake hawajakataa kumshika mkono.

Mafuta yasikosekane nyumbani. Chagua mazito yasiyo na manukato. Mafuta ya kawaida ya mgando yanatosha kwa wengi. Kopo dogo halifiki mbali, maana mtoto ambaye ukurutu umemwenea mwilini anaweza kutumia hata gramu 250 kwa wiki. Chota kwa kijiko safi, kwa sababu vidole hupeleka vijidudu ndani ya kopo. Aoge maji ya uvuguvugu kwa dakika 5 hadi 10, umkaushe kwa kumgandamiza taulo taratibu bila kusugua, kisha umpake palepale ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, ukifuata vinyweleo vinakolalia. Chunga moto pia: nguo na shuka zilizokunywa mafuta huwaka haraka, kwa hiyo jiko, mshumaa na sigara vikae mbali.

Krimu za steroidi, yaani dawa za kupaka zinazotuliza ukurutu ulioamka, ndizo zinazowachanganya wazazi wengi. Wapo wanaoziogopa mpaka mtoto anateseka bure, na wapo wanaozipaka kila siku kama mafuta ya urembo mpaka ngozi inakuwa nyembamba. Muulize daktari kabla hali haijachafuka: ipi ni ya uso, ipi ya mwili, kwa siku ngapi, na lini uache. Andika majibu kwenye boksi lenyewe la dawa. Kipimo ni rahisi kukumbuka. Kamulia krimu juu ya kidole cha shahada cha mtu mzima, kuanzia nchani hadi kwenye kiungo cha kwanza. Hiyo ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake.

Maelezo mengi husema utafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi usiungoje. Mabaka huwa ya kahawia iliyokolea, zambarau au kijivu, na pengine ni vipele vidogo tu unavyovihisi ukipitisha mkono. Mpapase mtoto kwenye mikunjo ya viwiko hata kama macho hayaoni kitu.

Kata kucha ziwe fupi, mvalishe pamba karibu na ngozi, na uandike kwenye daftari kilichotangulia kila ukurutu ulipoamka: jasho, sabuni mpya, sweta la sufi, vumbi. Ila usimkatie mtoto maziwa au mayai kwa kubahatisha. Anaweza kukosa lishe na ukurutu ukabaki palepale.

Amua leo ni hospitali gani mtakwenda na nani atawapeleka. Majimaji au usaha, gaga la rangi ya asali, au ngozi yenye joto na maumivu ni dalili za maambukizi, na hayo yanahitaji dawa. Hatari zaidi ni malengelenge au vidonda vidogo vya mviringo, vinavyofanana vyenyewe kwa vyenyewe, vinavyouma na kuenea haraka, mara nyingi pamoja na homa. Huenda ni kirusi cha hepesi, kile kile kinacholeta vidonda vya mdomoni. Hapo nenda siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Na yeyote mwenye kidonda cha namna hiyo mdomoni, awe bibi au shangazi, mwombe kwa upole asimbusu mtoto mpaka kipone.