Ukurasa wa JSP usiofungua sesheni: mfano wa saa za maji, Amu (Lamu)

Ukurasa wangu wa maji kujaa na kupwa haumjui msomaji, wala hauna haja naye. Nahodha anaufungua, anatazama saa, anakwenda zake. Lakini siku moja nilichungulia seva, nikakuta sesheni (kumbukumbu ambazo seva humwekea kila msomaji) zimerundikana kama mashua gatini siku za Maulidi. Kosa langu: JSP, yaani ukurasa unaotengenezwa kwa Java kwenye seva, usipoikataza hufungua sesheni yenyewe.

Hatua ya 1. Hakikisha kwanza kwa `curl`, amri inayoita ukurasa bila kivinjari.

`curl -I http://localhost:8080/maji/leo.jsp`

Jibu likija na `Set-Cookie: JSESSIONID=...`, sesheni imeshazaliwa. Kivinjari huirudisha kuki hiyo (kitambulisho cha sesheni), kwa hiyo msomaji mmoja, sesheni moja. Roboti nyingi hazirudishi. Kila zikibisha hodi ni wageni wapya. Tomcat, seva inayoendesha JSP, usipobadilisha mpangilio wake, huitunza sesheni dakika 30 tangu ilipotumika mwisho. Kikaguzi (programu inayopima kama ukurasa uko hai) kinachopita kila dakika bila kurudisha kuki basi kinakuachia sesheni kama 30 kwenye kumbukumbu, na mtu hakuna.

Hatua ya 2. Juu kabisa ya ukurasa andika:

`<%@ page session="false" %>`

Sasa jina `session` halipo tena humo. Msimbo wa Java uliolitaja ndani ya ukurasa utakataa kutafsiriwa, na mimi naona heri hivyo kuliko kosa lililojificha.

Hatua ya 3. Fuata vipande. Hapa ndipo niliponaswa: `leo.jsp` nimeisafisha, kuki bado inakuja! Kumbe ndani mna hii:

`<jsp:include page="kichwa.jsp" />`

Kichwa hicho ni ukurasa unaojitegemea, nacho kinataka mstari wake wa `session="false"`. Menyu na mguu vivyo hivyo.

Hatua ya 4. Kagua servleti na vichujio, yaani madarasa yako ya Java yanayopokea maombi ya wasomaji. `request.getSession()` huunda sesheni ikiwa haipo. Kama unataka kuchungulia tu:

`HttpSession s = request.getSession(false);`

Isipokuwapo utapata `null`, basi ipime kabla ya kuitumia. Ukurasa wa kuingia kwa nywila uache ulivyo. Huo unaihitaji sesheni.

Hatua ya 5. Rudia `curl`. Usipimie kivinjari, maana huenda bado kina kuki ya sesheni iliyo hai, na seva haitatuma nyingine. `Set-Cookie` ikiwa bado ipo, sajili `HttpSessionListener` (msikilizaji anayeitwa kila sesheni ikizaliwa), na ndani ya `sessionCreated` weka:

`new Throwable().printStackTrace();`

Soma miito iliyochapishwa kutoka juu kwenda chini, ukiruka ya msikilizaji huyo mwenyewe na ya Tomcat. Darasa la kwanza lililo lako baada ya hapo ndilo linalofungua mlango.