Somo: Kifungo kinachovuma

Leo tunatengeneza kile kidude cha uzi na kifungo ambacho wazee wetu walikichezea mpaka vidole vikachubuka. Wengine walitumia kizibo cha soda kilichopondwa kwa jiwe. Hicho huvuma zaidi, ila kingo zake hukata, kwa hiyo mtoto mdogo mpe kifungo cha koti.

1. Chukua uzi imara wa mita 1 na ushee. Upitishe tundu moja, urudishe kwa la pili, kisha funga ncha pamoja. Kifungo kikiwa na matundu manne, tumia mawili ya mshazari.

2. Kifungo kikae katikati. Ingiza kidole kila upande wa kitanzi.

3. Legeza uzi, ukirushe kifungo mbele kwa duara kama anayezungusha kamba ya kuruka, mara ishirini hivi, hadi uzi ujisokote.

4. Kazi iko hapa. Vuta: uzi unafumuka, kifungo kinashika kasi. Uzi ukikaribia kunyooka, legeza. Kifungo hakisimami, kasi yake inausokota uzi upande wa pili, nawe unavuta tena. Ukichelewa kulegeza, uzi unakikaba na mchezo umekwisha. Msikilize mvumo badala ya kutazama mikono: unapanda ukivuta, unashuka ukilegeza.

Na asikucheke mtu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitumia kanuni hii hii kuzungusha kisahani cha karatasi hadi mizunguko 125,000 kwa dakika, kikatenganisha seli za damu na majimaji yake kwa dakika moja na nusu.

MASWALI

– Mwalimu, changu kinayumba na kugonga uzi.
Kizibo, bila shaka. Matundu yako hayalingani kutoka katikati. Ponda kingine, tafuta kitovu kwanza, ndipo utoboe huku na huku milimita 4 hivi.

– Kadibodi inafaa?
Inafaa, ila gundisha vipande viwili au vitatu. Kikiwa chepesi mno hakina nguvu ya kuusokota uzi tena. Paka nusu nyekundu, nusu buluu. Kikizunguka utaona zambarau.

– Kimenasa kwenye nywele za binti yangu, nifanyeje?
Pole, dada. Kata uzi, nywele ziache. Safari nyingine afungwe kilemba kwanza, na acheze mikono ikiwa usawa wa tumbo.