Jiko la maranda linazimika? Anzia chini

Jiko langu la maranda lina miaka tisa. Ni kopo la rangi la lita 20. Fundi bati alilitoboa tundu moja pembeni, chini kabisa, upana wa chupa. Napikia maharage ya kuuza hapa Igogo, mtaa wa milimani jijini Mwanza. Likizima saa tano asubuhi, wateja wa saa saba wanakula wali mkavu, na maneno yao nayajua.

Likizima, wengi hukimbilia kumwagia mafuta ya taa. Acha kabisa. Mwali unaruka, unaondoka na nyusi zako, kisha jiko linazima vilevile.

Washa kipande cha gazeti, kishike mdomoni mwa lile tundu la chini. Mwali ukilalia ndani, jiko linavuta. Ukisimama wima au ukikurudia wewe, njia imeziba. Kwangu mara nyingi ni majivu: yanaporomoka kidogo kidogo na kujaa pale tundu la kusimama, lile linaloachwa na chupa katikati ya maranda, linapokutana na la pembeni. Yakokote taratibu kwa waya mnene uliokunjwa ncha. Usichokonoe ukuta wa maranda. Ukibomoka, ni kumwaga vyote na kuanza upya.

Njia ikiwa safi, tazama sufuria. Ikilala bapa kwenye ukingo wa kopo, moshi hauna pa kutokea, na jiko lisilotoa moshi juu halivuti hewa chini. Hili lilinisumbua mwezi mzima. Nilibadili maranda, nikabadili muuzaji, kumbe nilikuwa nimeondoa vile vijiwe vitatu vya kuinulia sufuria kwa sababu kimoja kilikuwa kinayumba. Nafasi ya vidole viwili inatosha.

Maranda yenyewe yapime kwa mkono: chota, finya, fumbua kiganja. Yakibaki donge, bado mabichi. Kuna mashine ya mbao iliwahi kuniuzia magunia matatu ya maranda ya mbao zilizopasuliwa zikiwa mbichi. "Makavu hayo, mama," kijana akaniambia huku gunia linamlowesha bega! Niliyaanika siku mbili kwenye jabali nyuma ya nyumba. Sisi wa milimani tuna shida ya maji na ngazi, lakini jiwe likishapigwa jua la saa sita hakuna kianikio kinacholishinda. Msimu wa vuli tu, usiyaanike halafu ukaenda soko la Mwaloni kununua dagaa. Na ya mbao za gundi usiyachukue hata ukipewa bure, moshi wake unachoma macho na kifua. Jiko lenyewe lipikie nje, hata kama maranda ni mazuri.

Kushindilia ndiko kunakowashinda wengi. Simamisha chupa tupu katikati, pitisha kipande cha mti kwenye tundu la pembeni mpaka kiguse chupa. Tia maranda konzi mbili tatu, shindilia kwa mchi, ongeza, shindilia tena, mpaka ukibonyeza kidole hakizami. Yale ya randa yaliyojikunja yakiwa peke yake hayashikani. Changanya na unga wa msumeno. Kisha toa mti, na chupa usiing'oe kama muhogo: izungushe huku unaipandisha. Ukisikia "pwa" ndani, ukuta umeanguka. Moto uwashie chini, kwa vijiti vyembamba.

Ukiona linawaka upande mmoja tu, kisha upande huo unadondoka na kuua moto, geuza kopo likiwa tupu ulitazame juani. Utaona vitundu vya kutu vinavyoingiza hewa pasipotakiwa. Ziba kwa udongo wa kichuguu uliokandwa na majivu, uache ukauke kivulini usije ukapasuka. Langu lina viraka vitatu. Cha nne nimekipaka jana, kwa hiyo leo maharage yapo kwenye mkaa, na faida ndiyo hiyo inaungua.