Papai bichi la tui na iliki: jinsi ya kulipika lisibaki na uchungu

Upepo wa masika ukiangusha mpapai, unabaki na matunda mabichi tele ambayo hayataiva. Wengi huyapika mboga, mengine hutupwa. Juzi jirani yangu aliniuliza kama yanafaa kitu kitamu cha baada ya chakula. Yanafaa sana, na hivi ndivyo nilivyomwelekeza.

Andaa papai moja la kiasi (likishachemshwa na kukamuliwa upate kama nusu kilo), sukari gramu 200, nazi mbili, iliki punje 6, chumvi na ndimu.

Hatua ya 1: Kuchagua
Liwe limekomaa kwa umbo, ganda kijani kabisa. Nyama ikishaanza rangi ya chungwa, liache liive ulile hivyo hivyo, maana kwenye sufuria litarojeka.

Hatua ya 2: Kutoa utomvu
Hapa usiharakishe hata kidogo. Jipake mafuta ya nazi mikononi kwanza. Chanja ganda kwa ncha ya kisu, mistari minne au mitano kutoka kwenye kikonyo hadi chini, kina kisizidi unene wa ganda. Utomvu mweupe utachuruzika papo hapo. Liegemeze ndani ya bakuli, kivulini, nusu saa au zaidi, mpaka michirizi igande.

Utomvu huo una papaini, kimeng'enya kinachovunja protini. Ndicho kinacholainisha nyama ya mishikaki ikipakwa papai bichi, na ndicho kinachowasha ngozi, kwa hiyo usijiguse macho. Mjamzito aache papai bichi kabisa, hata likiwa limetolewa utomvu.

Osha, kisha menya ganda nene. Kijani kisibaki mahali popote, kwa sababu utomvu mwingi umejificha hapo chini yake. Pasua, toa mbegu pamoja na utando wake. Loweka vipande kwenye maji ya chumvi. Maji yakigeuka meupe, mwaga uweke mengine, mpaka yabaki safi. Ukiruka hatua hii uchungu utabaki. Utaongeza sukari, utaongeza iliki, na bado utausikia mwisho wa ulimi. Dawa yake ni kuutoa kabla ya kuanza kupika.

Hatua ya 3: Kukwaruza na kuchemsha
Tumia kikwaruzio cha karoti chenye matundu makubwa. Brenda siishauri, italisaga liwe uji. Chemsha kwa maji mengi, sufuria wazi, mpaka ukibana uzi mmoja kwa vidole ukatike bila kubishana. Hakikisha umefika hapo kabla ya sukari, kwa sababu sukari hukaza tunda: ikiingia mapema, nyuzi zitabaki ngumu hata ukipika mpaka jioni. Mwaga maji, acha lipoe, kamua kwenye kitambaa safi kwa nguvu zako zote.

Hatua ya 4: Sukari
Rudisha papai motoni na sukari na chumvi kidogo tu. Litatoa maji, koroga mpaka yakauke na nyuzi zianze kung'aa.

Hatua ya 5: Tui
Zikune nazi kwa mbuzi, kile kibao cha kukunia. Tui la kopo hutumika, ila harufu ya nazi iliyokunwa muda huo huipati humo. Kamua tui zito, liweke kando; ongeza maji ya vuguvugu kwenye machicha ukamue tui jepesi.

Tui jepesi litangulie, lichemke na papai mpaka likaukie. Kisha punguza moto kabisa, mimi huondoa mkaa nusu, ndipo umimine tui zito. Usifunike, usiache kukoroga, na lisichemke kwa fujo, maana litakatika, mafuta yaelee juu na chini pabaki chengachenga. Likianza kutoa mapovu madogo pembeni, subiri dakika chache lizidi kuwa zito, tia iliki uliyoitwanga sasa hivi, epua.

Ndimu ni matone machache tu, sufuria likiwa limeshapoa kidogo. Ukiikamulia kwenye tui linalochemka, itakukatia tui.

Ulile likiwa limepoa. Kwenye friji lipe siku mbili, tui huchacha haraka.