Mgonjwa mzee akikataa maji, mlowanishe mdomo
Mzee aliye mwishoni mwa maisha akianza kugeuza uso anapoletewa kikombe, tafadhali usimmiminie maji kwa nguvu. Uwezo wa kumeza umepungua. Maji yanaweza kumpalia na kuingia kwenye mapafu. Mara nyingi kinachomtesa ni ukavu wa mdomo, na huo unaweza kuupunguza. Toa kwanza meno ya bandia. Chovya kitambaa laini na safi, kikamue hadi kisidondoshe, kisha mpanguse taratibu midomo, ufizi na ulimi. Rudia mara kwa mara, hasa akiwa anapumulia mdomo. Kama anatumia oksijeni, usimpake mafuta ya mgando midomoni. Na mwambie unachofanya kabla hujamgusa, hata kama hajibu, huenda anakusikia.