Bwawa la Uani Lililojaa Magugu: Namna ya Kupata Perege Wakubwa

Perege aliyekaa bwawani mwaka mzima na bado anaenea kiganjani mara nyingi si mgonjwa. Yuko katika bwawa lenye samaki wengi mno, na kilichowafanya wawe wengi ni magugu. Perege, ambaye wengi tunamwita tilapia, huanza kuzaa akiwa na miezi mitatu hivi, na maji ya Mombasa hayapoi kiasi cha kumzuia mwezi wowote. Bwawa likiwa wazi, vifaranga wengi huliwa, hata na perege wakubwa wenyewe. Likiwa na majani, kila kifaranga ana pa kujificha. Baada ya miezi michache chakula cha samaki 60 kinagawanywa kwa mia kadhaa, na wote wanadumaa.

Kwa hiyo kazi ni mbili na lazima zifuatane. Ukiwapunguza samaki na magugu yamebaki, unatwanga maji kwenye kinu.

Kung'oa magugu

Pima kina kwanza. Sehemu yenye chini ya sentimita 60 hupata jua mpaka sakafuni, na humo ndimo magugu hushika mizizi. Bwawa zuri lina mita 1 hadi 1.2, na kingo zake zinashuka kwa ghafla, si polepole kama ufuo. Mabwawa mengi ya uani kwetu yamewekwa karatasi ya plastiki au saruji, kwa sababu mchanga na mwamba wa matumbawe havishiki maji. Kama lako ni la karatasi, weka mbali reki ya chuma na panga, ung'oe kwa mkono. Vaa glavu na mabuti ya mpira: konokono wanaobeba kichocho hupenda majani ya majini, na nyoka pia.

Gugu maji, lile lenye maua ya zambarau, huweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi. Usiache hata mche mmoja wa pambo. Vijani vidogo vinavyoelea kama zulia visubiri alasiri, upepo wa baharini uvisukume pembe moja. Hapo chukua bomba la plastiki la inchi 2 lililozibwa ncha zote mbili, watu wawili walivute juu ya maji, na mwingine achote kwa kichujio. Mwani wa nyuzi huzungushwa kwa ufagio wa chelewa, unajisokota wenyewe kama uzi kwenye kigurudumu. Yungiyungi ni mpaka utoe shina nene lililolala kwenye tope. Ukikata majani tu, yatarudi.

Usisafishe bwawa zima kwa siku moja. Toa theluthi moja, subiri wiki, kisha theluthi nyingine. Magugu yaliyozama hutoa oksijeni mchana na kuitumia usiku, na vipande vinavyobaki na kuoza huitumia usiku na mchana. Ukivuruga tope lote pamoja, samaki wanaweza kufa kabla ya alfajiri. Fanya kazi siku ya jua, kuanzia saa tatu asubuhi. Wakati wa masika, mbingu zikiwa zimefunga siku mbili tatu, acha kabisa.

Dalili ya hatari ni samaki kupanga midomo juu ya maji wakihema saa kumi na mbili asubuhi. Siku hiyo usiwape chakula wala usitie mbolea. Toa robo ya maji ya chini, uingize mapya yakianguka kutoka juu ili yabebe hewa. Maji ya mfereji yenye klorini yakae kwanza kwenye tangi lililo wazi siku mbili.

Sumu ya magugu isikaribie bwawa. Hata ikiwa haikumuua samaki yenyewe, magugu yanayokufa yote pamoja yatamuua. Mrututu (salfeti ya shaba) nao tuuache: kipimo chake hutegemea ugumu wa maji, na tofauti kati ya kinachoua mwani na kinachoua samaki ni ndogo.

Magugu uliyoyatoa yaanike juani yakauke, ndipo yaende kwenye mboji. Usiyatupe mtaroni, kwa maana mitaro hufika kwenye mikono ya bahari na mabwawa ya watu wengine. Vijani vya zulia wape kuku au bata.

Kuhesabu na kuchagua

Bila mashine ya hewa, bwawa hubeba perege wawili kwa kila mita ya mraba, watatu ukiwa mwangalifu sana. Bwawa la mita 5 kwa 6 ni mita za mraba 30, yaani samaki 60.

Anza alfajiri kabla ya joto. Punguza maji yabaki magotini, kisha mkokote juya lenye macho madogo kutoka upande mmoja hadi mwingine, mara tatu au nne. Wanaotaka kuokoa pesa huchukua chandarua kikuukuu cha kitandani. Chandarua kilichotiwa dawa ya mbu ni sumu kali kwa samaki, hata kikiwa kimefuliwa. Nunua wavu usio na dawa.

Katika wale utakaowabakiza, chagua madume, kwa sababu jike hutumia nguvu zake kwenye mayai, na akiwa ameyabeba mdomoni, kwa siku kumi hadi kumi na nne, hali karibu chochote. Mchukue samaki wa gramu 40 au zaidi kwa kitambaa kilicholowa, tumbo juu. Mbele ya pezi la nyuma la chini kuna tundu la choo, na nyuma ya tundu hilo kijinundu. Cha dume kimechongoka, na kina tundu moja nchani. Cha jike ni kifupi na cha mviringo, na katikati yake kuna mpasuko mwembamba unaokikata kwa upana, ndimo mayai hutokea. Mpasuko huo ni vigumu kuuona. Dondosha tone la rangi ya chakula ya bluu, futa kwa kidole, na mstari utabaki. Samaki usiyekuwa na hakika naye, mtoe. Majike wawili tu wanatosha kulijaza bwawa tena.

Waliozidi ni wa kukaanga, au wa kulisha kuku. Usiwamwage mtaroni wala mtoni.

Kwa kuwa macho hukosea, tia kambare mmoja kwa kila perege kumi, ili awale vifaranga watakaotokea. Perege wawe wamefika gramu 50 au zaidi, na kambare awe mdogo kuliko wao, la sivyo atawala wao. Kambare pia hutambaa nje usiku wa mvua, kwa hiyo ukingo uinuliwe sentimita 30 juu ya maji. Kama kisima chako kina ladha ya chumvi, perege atavumilia kuliko kambare. Tia kambare wawili kwanza, uwaangalie.

Chakula na rangi ya maji

Magugu yakitoka, maji yanatakiwa yawe kijani chepesi cha vijimea vidogo ambavyo perege hula. Zamisha mkono ulionyooka: vidole vikipotea maji yanapofika kiwikoni, ni sawa. Vikionekana zaidi, jua linafika chini na magugu yatarudi. Tia samadi kavu gramu 50 kwa mita ya mraba kwa wiki, ndani ya gunia lililofungwa pembeni. Vikipotea mapema, acha samadi. Miongozo ya bara husema utie chokaa kwanza. Hapa mwamba wenyewe ni chokaa, na maji ya visima kwa kawaida ni magumu tayari, kwa hiyo chokaa huhitaji.

Chakula cha punje kiwe na protini asilimia 26 hadi 30. Perege 60 wa gramu 100 ni kilo 6. Asilimia 3 ya hiyo ni gramu 180 kwa siku, nusu saa nne asubuhi, nusu saa kumi alasiri. Kilichobaki kikielea baada ya dakika kumi na tano kinakuambia upunguze. Machicha ya nazi na pumba ni nyongeza tu: protini yake ni ndogo, na mabaki huchachusha sakafu. Kila baada ya wiki mbili pima samaki kumi pamoja kwenye ndoo, ukokotoe upya. Wakishapita gramu 200, asilimia 2 inatosha.

Baada ya miezi sita hadi minane utaanza kupata wa gramu 250 hadi 300. Vua wakubwa kwanza kwa jarife, yaani wavu wa macho makubwa, uwaache wadogo wapate nafasi. Ukifunga msimu, toa maji yote, peleka tope kwenye migomba, na uache sakafu juani wiki nzima. Kausha kwa kitambaa hata vidimbwi vya kwenye mikunjo ya karatasi, maana vifaranga hukaa humo, na hao ndio watakaozaa kabla ya mbegu yako mpya ya samaki kukua.