Shamba la Mlango wa Mto: Hesabu Maji Mawili Kabla ya Kukodi

Kila ifikapo Julai simu yangu huanza kuita kwa swali lilelile. Ziwa Victoria limeanza kurudi nyuma, tope jeusi limebaki wazi, na mwenye eneo anatangaza ekari zake kwa bei ya msimu. "Bwana shamba, nikodi?" Nami hujibu kwa swali: maji ya kwanza yatakufikia kutoka wapi, na ya pili kutoka wapi?

Shamba la mlango wa mto lina maji mawili, uwe ni Simiyu pale Magu, Magogo-Moame unaoingia Ghuba ya Mwanza, au Mara karibu na Musoma. Ya kwanza hushuka na mto yakiwa na kelele na tope. Ya pili hupanda polepole kutoka ziwani, bila kelele. Wakulima wengi hujenga tuta kuzuia yale ya kwanza, wakayasahau ya pili.

Tuanze na udongo. Mto wenye kasi hubeba mchanga, tope laini na mfinyanzi. Ukifika kwenye maji yaliyotulia kasi yake inakufa, na mzigo unashushwa kwa zamu: mchanga kwanza, tope laini baadaye, mfinyanzi mwisho kabisa. Mto ukifurika kando ni hivyohivyo. Ndiyo maana ukingo wa mto huwa umeinuka kidogo na una mchanga, na ukitembea kuuacha mto unashuka kwenye bonde lenye udongo mzito. Ardhi hiyo ya tope mlangoni mwa mto ndiyo delta. Delta kubwa duniani zimejengwa hivyo, za Nile, Mekong na Rufiji yetu. Za kwetu ni ndogo tu, nyingine upana wake unaumaliza kwa miguu kabla chai haijapoa.

Watu wa Usukumani hawakusubiri kitabu kuujua mpangilio huo. Lusenyi ni mchanga, itogolo ni ule wa bondeni unaoshika maji, mbuga ni mweusi unaopasuka kiangazi. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie "ekari mbili za mpunga" kwa kunyoosha kidole. Ingia na jembe. Chimba hadi magotini kwenye sehemu tatu: karibu na mto, katikati, na mwisho wa bonde. Chukua udongo wa chini, ulowanishe, uufinye kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukikatika palepale, huo ni mchanga. Jaruba lake, yaani kipande cha mpunga kilichozungushiwa tuta, litakunywa maji kama kikapu. Ukitoka utepe mrefu kama kidole unaong'aa, hapo mpunga utakaa. Nimeona shamba moja likiwa na aina zote mbili ndani ya hatua themanini, na mpangaji amelipia lote bei ya mpunga.

Sasa maji ya pili, yale yanayopanda kutoka chini. Kwenye delta za baharini maji hayo ni ya chumvi. Wakulima wa delta ya Mekong kule Vietnam huogopa kiangazi, mto unapopungua na bahari kupanda ndani ya mifereji. Misri nayo, tangu Bwawa la Aswan likamilike 1970, tope lililokuwa likirutubisha mashamba kila mwaka limebaki nyuma ya ukuta, na pwani ya delta inaliwa na mawimbi. (Wapo wanaodhani tope hilo lilitoka kwetu kwa kuwa Nile inatoka ziwani pale Jinja. Sehemu kubwa ilitoka milima ya Ethiopia.) Sisi tuko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, chumvi haitufikii. Hiyo ni neema ambayo hatuisemi vya kutosha.

Lakini ziwa lina tabia yake. Kila mwaka hupanda na masika, hufikia kilele Mei au Juni, kisha hushuka hadi Oktoba au Novemba. Juu ya hilo, kuna miaka linapanda na halirudi upesi. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita mbili. Mwaka 2020 likapanda tena na kufunika mashamba, mialo na nyumba, na 2024 hivyohivyo. Tena mto haukupi taarifa: karibu sehemu nne kati ya tano za maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Simiyu unaweza kuwa mchanga mtupu, watu wanachimba visima katikati yake, huku ziwa bado liko juu.

Hili nililipia. Mwaka 2020 nilikuwa na ekari moja na nusu ya mpunga chini kabisa ya bonde. Tuta la upande wa mto nililijenga vizuri hadi majirani wakaja kulitazama. Asubuhi moja nikakuta maji yameingia kwa nyuma, meupe, hayana hata tope, na ndani ya jaruba samaki kamongo anajipindapinda kati ya mashina. Mpunga ulikuwa ndiyo kwanza unatoa masuke. Msimu ule mavuno yangu yalikuwa kamongo huyo na wenzake wawili.

Tangu hapo, kabla ya kukodi, natafuta alama. Mafunjo yakisimama, hapo pana maji mwaka mzima, paache. Angalia takataka na magugumaji makavu yaliyonasa kwenye miti na nyaya za uzio, kisha uliza mama anayechota maji hapo tangu akiwa msichana: 2020 yalifika wapi? Mwanamke mmoja alinionyesha jiwe na kusema, "Baba, hapa ndipo tulipofunga mtumbwi." Jiwe hilo lilikuwa hatua mia moja na zaidi kutoka ufukweni. Ukishakodi, chomeka mti wenye alama za sentimita pembeni mwa maji na uusome kila Jumapili. Ukiona unapanda wiki tatu mfululizo wakati mvua zinaendelea, kuvuna wiki moja mapema si woga.

Kalenda ya mpunga ifuate kilele cha ziwa. Weka kitalu Desemba, pandikiza miche ikiwa na siku 14 hadi 21, nafasi ya sentimita 20 kwa 20. Mbegu ya SARO 5 hukomaa kwa miezi minne hivi, kwa hiyo Aprili unavuna na ziwa bado halijafika juu. Mbegu ya Supa ina harufu na bei, sikatai, ila inachelewa. Ipeleke kwenye majaruba ya juu. Urea mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari, ugawe mara mbili: wiki mbili au tatu baada ya kupandikiza, na mpunga unapoanza kutunga mimba. Punguza maji jarubani kwanza na uzibe mianya. Mbolea inayotoroka inakwenda kulisha magugumaji, nawe umeinunua kwa fedha taslimu.

Ukingo wa mchanga, nje ya mita 60 nitakazozieleza hapa chini, una wakati wake: Julai hadi Oktoba, maji yakirudi. Wakulima wa Rufiji huita kilimo cha namna hii mlau: unapanda ukifuata unyevu unavyoshuka. Kwetu nyanya, tikiti, viazi vitamu na mahindi ya kuchoma hukubali vizuri, na soko la Mwanza mjini liko karibu. Weka samadi iliyooza kila shimo, funika udongo kwa nyasi kavu, na mbolea ya dukani toa kidogokidogo kwa sababu mchanga hauishikilii. Ukitumia pampu kuvuta maji, ulizia kibali Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria kabla hujaulizwa wewe.

Sasa zile mita 60: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya umbali huo kutoka kingo za mto na ufuko wa ziwa. Najua bonde likiwa jembamba mita hizo zinauma. Lakini ufyeke mafunjo na matete uone: mvua ya kwanza mto unakata ukingo na kumwaga mchanga juu ya mfinyanzi wako, na jaruba halishiki maji tena. Samaki ningu nao hupanda mtoni kutaga wakati wa mafuriko. Majani hayo ni kitalu chao.

Afya usiiache nyuma. Kichocho kipo, na vijidudu vyake hutoka kwa konokono kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia saa nne hadi alasiri. Alfajiri nayo ni saa ya kiboko kurudi majini. Basi kazi ya jarubani ifanye saa moja hadi saa nne, uvae buti, na mara moja kwa mwaka upime kituo cha afya, wewe na watoto wanaofukuza ndege aina ya kwelea.

La mwisho ni karatasi ya kukodi. Usikubali iandikwe "kuanzia majini hadi kwa fulani." Maji yakipanda, shamba lako linapungua na kodi iko palepale, yakirudi, jirani anadai ardhi mpya ni yake. Pima kuanzia juu, kwenye mwamba au mti mkubwa usiohama, hesabu hatua kushuka, ziandikwe, na mwenyekiti wa kitongoji aweke sahihi. Nusu ya kodi lipa mwanzoni, nusu baada ya mavuno. Mwenye eneo akigoma, mwulize 2020 alivuna nini hapo.